Vifaranga wanakunya damu, na tetra haiwaponyeshi



Mvua ikianza kunyesha kila siku hapa Mulekera, ulizo ni lile lile: "Vifaranga wanajikunja, hawakule tena, mavi iko na damu. Nilitia tetra ndani ya maji, lakini wanaendelea kufa."

Tetra ni dawa ya bakteria. Ugonjwa huu mara nyingi ni koksidiozi, na anayeuleta si bakteria. Ni kinyama cha chembe moja tu, kinaitwa Eimeria, kinachoishi ndani ya utumbo wa kuku na kuuchana. Damu inatoka hapo.

Kuku mkubwa anaweza kukibeba bila kuonekana mgonjwa. Anakunya mayai yake (tuyaite hivyo, ingawa si kama mayai ya kuku). Yakitoka, hayaambukizi mara moja. Yanahitaji joto, majimaji na hewa, siku 1 ao 2 hivi; hapo njo yanakomaa. Kifaranga akidonoa fasi hiyo anayameza, na kisha siku 4 mpaka 7 naye anakunya maelfu mengine. Njo maana vifaranga wa juma 3 mpaka 6 wanakufa kwa mkupuo, na watu wanaanza kusema jirani ametega sumu.

Wengi wetu hatufiki tena mashambani ju ya usalama, tunafuga kuku ndani ya kiwanja kidogo, wakubwa na wadogo pamoja. Kinyama hiki kinapenda hivyo kabisa. Tenganisheni vifaranga na mama zao wakubwa mapema mnavyoweza, na muinue vyombo vya maji ili wasikunye ndani.

Javeli haiyaui mayai haya. Maji yanayochemka yanayaua, na ukavu unayamaliza. Kwa hiyo kazi kubwa ni tandiko: pumba la mpunga ao maranda ya mbao, likilowa karibu na chombo cha maji, toeni siku ile ile. Msitumie maganda ya mbegu za kakao, hata kama yamejaa kwenu. Yana teobromini, ni sumu kwa kuku, na kuku anadonoa kila kitu.

Dawa yenyewe ni amproliumu, inauzwa kwa veterineri. Inatiwa ndani ya maji kwa sababu mgonjwa anaacha kula lakini bado anakunywa. Fuateni kipimo cha kwenye paketi, siku 5 mpaka 7, na msikate siku ya 2 eti wamechangamka. Msiichanganye na vitamini B1: dawa hii inakidanganya kinyama kwa kufanana na vitamini hiyo, mkiongeza ile ya kweli mnakilisha.

Lakini kama hata kuku wakubwa wanakufa, shingo zinapinda, hiyo inaweza kuwa Newcastle. Ni virusi, amproliumu haiigusi. Kinga yake ni chanjo.

Wengine wanauliza kama bata na mbuzi wataambukizwa. Hapana, Eimeria ya kuku inabaki kwa kuku. Dindoni, yaani bata mzinga, ndiye wa kuogopea: kuku anabeba kinyama kingine, Histomonas, ndani ya mayai ya minyoo yake, naye mara nyingi hasikii kitu. Dindoni akikimeza, ini linaoza, mavi inakuwa ya manjano, na anakufa. Msiwafuge kiwanja kimoja.