Walioshinda kwa Kuzuia



Kwa wapenzi wa mpira wa vikapu, mchezo haumaliziki pale kipenga cha mwisho kinapolia. Hapo huanza mchezo wa pili, ambao ni wa mashabiki: kuketi na kuuchambua mchezo uliokwisha, nani alifanya nini na kwa nini ikawa vile ilivyokuwa. Katika mazungumzo hayo sifa nyingi huwaendea wafungaji, kwa kuwa kikapu kilichoingia kila mtu amekiona. Leo tunapenda kuzungumza na wasomaji wetu, hususan kina mama na mabinti, juu ya ushindi ambao hauelezeki kwa vikapu vilivyoingia. Unaelezeka kwa vile ambavyo havikuingia.

Siku ya Jumamosi, tarehe 16 Machi 2024, katika siku za mwanzo za Ramadhani ya mwaka 1445, timu mbili za wanawake zilikutana mjini Henderson, katika jimbo la Nevada nchini Marekani. Moja ni ya Chuo Kikuu cha California kilichoko Irvine, ya pili ni ya Chuo Kikuu cha California kilichoko Davis; matawi mawili ya mti mmoja. Ilikuwa fainali ya mashindano ya ligi ya vyuo iitwayo Big West. Mshindi angepata nafasi katika mashindano makuu ya taifa, ambayo huzikusanya timu 68 tu kutoka nchi nzima; mshindwa angerudi nyumbani na kungoja mwaka mwingine. Irvine, timu iliyokuwa ikifunzwa na Bi Tamara Inoue, haikuwa imefika katika mashindano hayo tangu mwaka 1995, kabla mchezaji wake yeyote hajazaliwa.

Irvine ilishinda kwa alama 53 kwa 39.

Tuzitazame nambari hizo vizuri, kwani ndani yake mna habari yote. Alama 53 si nyingi. Timu nyingi za vyuo hupata alama hizo na zikashindwa, na hakuna anayeshangaa. Anayeutazama ushindi huu kwa jicho la ufungaji ataona mchezo mkavu usio na la kusimulia. Lakini ageuze jicho lake upande wa pili. Mchezo wa wanawake wa vyuo vya Marekani una robo nne za dakika kumi kumi, jumla dakika 40. Davis walipata alama 39. Maana yake ni kuwa hawakufikia hata alama moja kwa kila dakika, katika mchezo ambao kikapu kimoja cha kawaida ni alama 2, na kile cha kutoka mbali ni alama 3.

Yafaa pia kuikumbuka kanuni ya saa. Timu ikipata mpira ina sekunde 30 za kurusha kikapuni. Zikipita bila ya mpira kugusa chuma cha kikapu, mpira hupewa wapinzani. Kwa hiyo mlinzi hana haja ya kumnyang'anya mwenzake mpira kila mara. Kazi yake ni kumkosesha raha kwa sekunde 30: amzibie njia ya kulia ili alazimike kwenda kushoto, amnyanyulie mkono machoni anapotaka kurusha, amfanye autoe mpira kwa mtu asiyekuwa amemkusudia, katika mahali asipopataka. Mwishowe mpira hurushwa kwa haraka na kwa mashaka, nao hugonga chuma ukarudi. Kisha kazi ianze upya, mara ya pili, ya kumi, ya hamsini. Mwenye kuchoka mara moja tu amefungua mlango.

Jambo ambalo wachambuzi wazoefu hulitazama kwanza si yule anayemkaba mwenye mpira. Huwatazama wale wanne waliobaki. Katika ulinzi mzuri, wenye kuukabili mpira ni watano ingawa anayeonekana ni mmoja. Mchezaji akipitwa na mpinzani wake, mwenzake aliye karibu huacha alipo na kuja kuziba nafasi; naye akishaacha alipo, wa tatu huteremka kuziba pengo lililoachwa. Yote hayo hutendeka kwa kufumba na kufumbua, na hayatendeki bila ya kusemezana. Timu inayolinda vyema haikai kimya uwanjani: utawasikia wakiitana, wakionyana, wakijulishana nani yuko nyuma ya nani. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika mchezo huu ufa hupatikana katika kila shambulio, na kila mmoja ni fundi wa kuziba ufa wa mwenziwe.

Na hapa ndipo penye ugumu wa kazi hii. Mfungaji huandikiwa alama zake, na jina lake husomwa. Mlinzi aliyeteremka akaziba pengo, mpinzani akaghairi kurusha, haandikiwi kitu. Hakuna safu katika daftari la mwandishi wa mchezo isemayo: huyu alisimama mahali pake, kwa hiyo halikutokea la kutokea. Wapo wenye kunyang'anya mpira na wenye kuudaka unaporudi kutoka ubaoni, nao huhesabiwa. Lakini sehemu kubwa ya ulinzi haina shahidi ila matokeo ya mwisho. Zile alama 39 ndizo shahidi wa mabinti wa Irvine.

Sisi Waislamu hatuna haja ya kufunzwa uzito wa jambo hili, kwani tumelisoma katika sira. Katika vita vya Uhud, mwaka wa 3 wa Hijria, Mtume (S.A.W.) aliwaweka wapiga mishale 50 juu ya kilima, chini ya Abdallah bin Jubayr (R.A.), na akawaamuru wasiondoke mahali pao kwa hali yoyote. Walipoona ushindi umeelekea kwa Waislamu, wengi wao waliteremka. Khalid bin Walid, ambaye wakati huo hakuwa amesilimu, akaliona pengo lile na akazunguka kwa nyuma. Hatuulinganishi mchezo na jihadi ya Mtume wa Allah. Mchezo ni mchezo. Tunachokikumbusha ni kuwa aliyewekwa alinde, thamani yake hujulikana siku anapoondoka.

Katika timu hiyo ya Irvine alikuwamo binti mmoja ambaye kwa ajili yake Waislamu wengi, hata wasiofuata mpira wa vikapu, waliipata habari ya ushindi huo. Naye ni Diaba Konaté, mzaliwa wa Ufaransa, mchezaji wa nafasi ya nyuma ambaye kazi yake ilikuwa kuuongoza mpira na kumkabili mwongozaji wa timu pinzani. Konaté alicheza akiwa amevaa hijabu, mikono na miguu yake ikiwa imesitiriwa chini ya sare ya timu. Kabla ya kwenda kusoma Marekani alikuwa amezichezea timu za vijana za taifa lake.

Lakini taifa hilo leo halimruhusu kucheza kama alivyo. Mnamo Desemba 2022, shirikisho la mpira wa vikapu la Ufaransa lilipitisha kanuni inayokataza mavazi yenye alama ya dini katika mashindano yake ya ngazi zote. Binti aliyeipeperusha bendera ya nchi yake utotoni hana ruhusa, akiwa mtu mzima, ya kuingia katika mashindano ya mtaani kwao ila avue kitambaa cha kichwani. Naye hakukivua, wala hakunyamaza. Ameinena dhulma hiyo kwa upole na kwa uwazi, pamoja na wanamichezo wenziwe na mashirika ya haki za binadamu.

Mlango anaopitia Konaté ulifunguliwa na waliomtangulia. Bilqis Abdul-Qaadir, binti wa jimbo la Massachusetts aliyefunga zaidi ya alama 3,000 alipokuwa sekondari, alikuwa wa kwanza kucheza na hijabu katika daraja la juu la vyuo vya Marekani, akiwa Chuo Kikuu cha Memphis. Alipotaka kucheza kwa kulipwa alizuiwa na kanuni ya shirikisho la dunia, FIBA, iliyokataza mavazi ya kichwani. Mwaka 2014, katika Michezo ya Asia mjini Incheon, timu ya wanawake ya Qatar iliamua kuacha mchezo kuliko kuvua hijabu zao. Subira hiyo haikupotea. Mwezi Mei 2017 FIBA iliibadili kanuni, na kuanzia Oktoba mwaka huo hijabu ikaruhusiwa, madamu haifuniki uso, haimdhuru mvaaji wala mwenzake, na haina vifungo shingoni au usoni wala kitu kinachojitokeza nje.

Tukiyatazama haya kwa mpangilio wake, twaona kuwa huo nao ulikuwa ulinzi. Bilqis alisimama mahali pake na hakuandikiwa alama. Aliyefaidika ni mwingine. Wasichana wa Qatar walirudi makwao bila ya medali. Aliyefaidika ni mwingine. Mmoja alipopitwa, mwenzake aliteremka kuziba. Katika mashindano ya taifa ya mwaka huo wa 2024, Konaté hakuwa peke yake: Jannah Eissa, wa timu ya North Carolina State, naye alivaa hijabu.

Tuseme pia ukweli wa mwisho wa safari yao. Wiki moja baada ya ushindi wa Henderson, Irvine walikutana na Gonzaga mjini Spokane katika raundi ya kwanza, wakashindwa kwa alama 75 kwa 56. Ulinzi ulioizuia Davis kwa alama 39 haukuweza kuizuia timu yenye nguvu zaidi, iliyokuwa ikicheza mbele ya watu wake. Hili halipunguzi thamani ya lililotangulia. Mwenye kujilinda hakuahidiwa kuwa hatafungwa. Kilicho juu yake ni kusimama, na matokeo ni ya Mwenyezi Mungu.

Na sasa tujiulize sisi wa pwani hii ya Kenya, swali ambalo ndilo lililotufanya tuiandike habari hii. Kanuni ya FIBA ya mwaka 2017 yahusu na viwanja vyetu. Binti wa Mombasa, wa Lamu, wa Malindi au wa Kwale haambiwi na kanuni za mchezo huu avue hijabu ndipo acheze. Basi ni kwa nini wengi wao huacha michezo mara tu wanapobaleghe? Mara nyingi mlango hufungwa na sisi wenyewe, wazee wao. Wapo miongoni mwetu wenye hoja nzito: mavazi, mchanganyiko wa wanaume na wanawake, safari za mbali, nyakati za Swala kupotea. Hoja hizo hatuzidharau, kwani kumlinda binti ni amana juu ya mzazi.

Lakini kulinda kuna namna mbili. Ipo ya kumfungia, na ipo ya kusimama naye. Mlinzi mzuri uwanjani hakimbii mchezo. Huingia ndani yake akajua mahali pa kusimama. Mzazi anayechelea mavazi na amshonee bintiye suruali pana na fulana ya mikono mirefu, na kilemba chepesi kisichohitaji pini. Anayechelea mchanganyiko na aiombe shule au madrasa itenge saa ya wasichana pekee, chini ya mwalimu mwanamke. Anayechelea Swala na aulize ratiba mapema, ili mazoezi yaishe kabla ya Magharibi. Na anayechelea safari na ajitolee kusafiri nao. Mama mmoja hawezi haya peke yake, lakini mama watano waliokubaliana wanayaweza, kila mmoja akiziba pengo la mwenziwe.

Bi Aisha (R.A.), Mama wa Waumini, alishindana mbio na Mtume (S.A.W.), akashinda mara moja na kushindwa mara nyingine. Dini haikuona haya katika hilo, wala haikuona kuwa mwili wenye afya ni adui wa sitara. Binti anayefunzwa kuwa ana sehemu yake uwanjani, kuwa wenziwe wanamtegemea, na kuwa kazi isiyoonekana ndiyo mara nyingi inayoamua, amefunzwa jambo litakalomfaa nyumbani, kazini na katika ndoa yake.

Wale wenye kupenda kuhesabu vikapu na waendelee kuhesabu, kwani bila vikapu hakuna ushindi. Irvine nao walihitaji zile alama 53. Ila tunawaomba, mtakapouchambua mchezo mwingine, mumtafute kwa macho yule ambaye jina lake halikutajwa. Mara nyingi ndiye aliyesimama pale palipokuwa na ufa.

Allah awahifadhi mabinti zetu, awape siha na haya, na atupe sisi wazazi busara ya kujua wakati wa kufunga mlango na wakati wa kusimama mlangoni pamoja nao. Amin.

Wabillahi tawfiq.