Doa Jeusi, Plastiki Iwakayo na Fosforasi Iliyoshiba

Ukipita Majengo, Mombasa, jioni, hutakosa kumkuta fundi wa simu ameinamia skrini yenye doa jeusi. Jana doa lilikuwa kama punje ya mtama; leo ni kama sarafu, limetambaa mfano wa wino kwenye karatasi mbichi. "Hii haizibiki, mamangu," humwambia mwenye simu. "Ni kubadilisha skrini nzima."

Mwuaji ni hewa. Skrini ya OLED haina taa nyuma yake. Kila nukta hujiwakia yenyewe, katika tabaka jembamba mno la kemikali za kaboni zitoazo mwanga zikipitiwa na umeme. Ufa ukiingiza oksijeni na unyevu, na Mombasa unyevu ni wa bure, tabaka hilo hufa.

Skrini nyingi za OLED za simu hutumia molekuli ndogo. Lakini zina ndugu: polima, yaani plastiki iwakayo. Plastiki, hiyo hiyo tuliyozoea kuiona ikifunika waya ili isitupige shoti! Mwaka 1990, Burroughes, Bradley, Friend na wenzao wa Cambridge, Uingereza, walitangaza polima iliyotoa mwanga wa kijani na manjano. Mwaka 2002 Philips wakauza mashine ya kunyolea ndevu yenye kioo cha aina hiyo.

Baadhi ya polima hizo hutiwa fosforasi, na hapa ndipo mimi huvutiwa zaidi. Ile nyekundu iko ubavuni mwa kiberiti cha kawaida cha dukani. Ile nyeupe, aliyoipata Hennig Brand wa Hamburg mwaka 1669 kwa kuchemsha mkojo, hung'aa gizani kwa kuwa inaliwa na hewa. Ndani ya polima, wanakemia huifunga ikiwa imekwisha kushika oksijeni yake. Imeshiba, haiwaki. Mwanga hutoka kwenye kaboni, nayo fosforasi huzivuta elektroni ziingie kwa wepesi. Tena huwezesha baadhi ya polima kuyeyuka kwenye spiriti, hivyo tabaka jipya hupakwa bila kulimumunya la chini. Fundi rangi anaijua hasara hiyo: thina ya mkono wa pili ikila mkono wa kwanza, kazi imeharibika.

Hata hivyo, hakuna fosforasi iwezayo kuziba ufa wa kioo. Ukiona doa limeanza, hamisha picha na namba zako siku hiyo hiyo.