Kuvuja Mkojo Baada ya Kujifungua: Si Aibu, Ni Shida Inayotibika

Huenda unamjua mama ambaye siku hizi haji chamani. Alikuwa haachi kuhudhuria, lakini tangu ajifungue ana udhuru kila wiki. Akija, huketi karibu na mlango, leso mbili kiunoni, na huondoka kabla ya chai. Watu husema ana maringo. Pengine anavuja mkojo na hajui amwambie nani.

Wahenga walisema mficha uchi hazai. Wengi wetu hukubali kuvua nguo mbele ya mkunga wakati wa kuzaa, kisha tukishazaa ndipo tunapoanza kuficha. Tunapoulizwa kliniki kama kuna tatizo lolote, tunazungumza juu ya mtoto tu. Mwili uliombeba mtoto huyo tunaufunga leso na kuunyamazia. Makala hii inaeleza shida tatu ambazo kina mama huficha zaidi, namna ya kuzitofautisha, na mahali pa kupata usaidizi.

Shida ya kwanza: mkojo kutoka ukikohoa au ukicheka

Chini ya nyonga kuna misuli iliyotandazwa kama machela. Hiyo ndiyo inayobeba kibofu, mfuko wa uzazi na njia ya haja kubwa. Mimba na kusukuma mtoto huinyoosha na kuilegeza. Ikilegea, mkojo kidogo huchuruzika unapokohoa, unapocheka, unapopiga chafya au unapoinua mtungi wa lita 20. Wengine hubanwa ghafla na kushindwa kufika chooni. Hali hii huwapata wanawake wengi, waliozaa mara moja na waliozaa mara nyingi, na hata walioacha kupata hedhi.

Shida ya pili: mfuko wa uzazi kushuka

Misuli na kano zikilegea zaidi, mfuko wa uzazi au ukuta wa kibofu hushuka ukeni. Mama huhisi uzito, kana kwamba kuna kitu kinataka kuanguka, hasa jioni baada ya kazi za kutwa. Wengine huona au hugusa uvimbe wakati wa kuoga. Kubeba mizigo mizito, kikohozi kisichokwisha na kujikamua kwa sababu ya choo kigumu huzidisha hali hii. Usiingize dawa za kienyeji wala kitambaa ili kuusukuma ndani, kwa kuwa unaweza kujijeruhi na kupata maambukizi. Hospitalini kuna mazoezi, pete maalumu inayowekwa ukeni kushikilia mfuko wa uzazi, na upasuaji kwa wanaouhitaji.

Shida ya tatu: fistula, au nasuri ya uzazi

Hii ndiyo nzito zaidi. Fistula ni tundu kati ya uke na kibofu, au kati ya uke na njia ya haja kubwa. Mara nyingi husababishwa na uchungu wa muda mrefu wakati mtoto amekwama. Kichwa cha mtoto hubana nyama laini dhidi ya mfupa wa nyonga, damu haifiki, na sehemu hiyo hufa. Baada ya siku 3 hadi 10 hivi, nyama iliyokufa hubanduka na kuacha tundu. Mkojo huanza kutoka wenyewe, usiku na mchana, bila kubanwa na bila kukohoa. Tundu likiwa upande wa nyuma, kinachotoka ni kinyesi au hewa. Wengine huachwa pia na mguu mzito unaoburuta, kwa sababu mishipa ya fahamu ilibanwa. Mara nyingi mtoto naye hufariki, na mama hubaki na msiba na aibu kwa pamoja.

Fistula haitokani na laana, uzinzi wala kurogwa. Pia si ya kina mama wa vijijini peke yao. Mara nyingine hutokea baada ya upasuaji wa uzazi au wa kuondoa mfuko wa uzazi.

Habari njema ni kwamba fistula nyingi huzibwa kwa upasuaji, hata kwa mama aliyeishi nayo miaka mingi. Na ikigunduliwa mapema, tundu dogo linaweza kuziba bila upasuaji kwa kuwekewa mpira wa mkojo kwa wiki kadhaa. Ndiyo maana ni muhimu kurudi kituoni mara tu unapoona mkojo unatoka bila kukoma.

Usijinyime maji

Kina mama wengi wanaovuja hupunguza maji ya kunywa ili wasilowe. Matokeo huwa kinyume. Mkojo huwa mzito, hunuka zaidi na huchoma ngozi ya mapaja hadi kufanya vidonda. Kunywa maji ya kutosha, jioshe kwa maji safi, badilisha vitambaa mara kwa mara na uvianike juani.

Zoezi la kuimarisha misuli

Kwa shida ya kwanza, na kwa mfuko wa uzazi uliolegea kidogo, zoezi hili husaidia. Halihitaji vifaa na hakuna atakayejua unalifanya, hata ukiwa ndani ya matatu.

1. Kaza misuli kana kwamba unazuia mkojo na hewa kwa pamoja. Usikaze tumbo, mapaja wala makalio, na usizuie pumzi.
2. Shikilia huku ukihesabu hadi 5, kisha legeza huku ukihesabu hadi 5.
3. Rudia mara 10. Fanya hivyo asubuhi, mchana na jioni.

Usifanye zoezi hili ukiwa unakojoa. Vumilia, kwa kuwa mabadiliko huchukua miezi 3 hivi. Zoezi haliwezi kuziba tundu la fistula, kwa hivyo anayevuja bila kukoma aende hospitalini.

Uende wapi, useme nini

Anza na mhudumu wa afya ya jamii wa kijiji chako, au nenda zahanati au kituo cha afya kilicho karibu. Kama maneno yanakuwia magumu, sema hivi: "Tangu nijifungue, mkojo unatoka bila hiari yangu." Sentensi hiyo inatosha. Una haki ya kuhudumiwa faraghani na kuomba uchunguzwe na muuguzi wa kike. Akiona dalili za fistula, utapewa barua ya rufaa kwenda hospitali yenye daktari aliyefunzwa upasuaji huo.

Kuhusu malipo, jisajili na Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA) kwa kubonyeza *147#. Huduma za msingi katika vituo vya Ngazi ya 2 na 3 hazilipishwi kwa aliyesajiliwa. Huduma za hospitali kubwa huhitaji mchango wako uwe umelipwa. Hospitali nchini pia huandaa kambi za upasuaji wa fistula bila malipo mara kwa mara, hivyo uliza kituoni ni lini na wapi.

Ujumbe kwa familia

Baba, mama mkwe na wifi, fistula nyingi zinaweza kuzuiwa. Mama mjamzito ajifungulie kituo cha afya, na nauli iwekwe kando mapema. Akishinda na uchungu mkali kwa saa 12 bila mtoto kutoka, apelekwe hospitalini bila kungoja ruhusa ya yeyote. Akishatibiwa fistula, apumzike na asikutane kimwili na mumewe hadi daktari aruhusu, kwa kawaida baada ya miezi 3 hivi. Mimba ikija tena, ajifungulie hospitalini kwa upasuaji.

Na wewe uliye chamani, ukiona kiti cha mwenzako kiko wazi wiki ya tatu, usimseme. Mtembelee, na umwambie uko tayari kumsindikiza kliniki.