Sauti ya Mzee katika Jumuiya: Ushirika wa Vizazi miongoni mwa Waumini wa Endasak, Hanang

Endasak, kata ya Wilaya ya Hanang, imo katika Jimbo Katoliki la Mbulu lililoundwa mwaka 1953. Ushirika wa waumini hauishii kanisani. Mwaka 1976 maaskofu wa AMECEA walizifanya jumuiya ndogo ndogo za Kikristo kuwa kipaumbele cha kichungaji. Majirani hukutana nyumbani kwa zamu, wakasali, wakatafakari Neno, wakapanga msaada kwa wagonjwa na wafiwa.

Kwa Wairaqw, kukusanyika hivyo si jambo geni. Katika slufay, sala yao ya jadi ya baraka, mzee hunena kwa lugha ya mafumbo na hadhira humwitikia kwa pamoja. Kiitikio ni sehemu ya sala yenyewe. Jumuiya imehifadhi kuitikiana huko, ila imebadili lugha. Masomo ni ya Kiswahili, na ayamuduye kwa wepesi ni kijana aliyepita shuleni. Bibi azungumzaye Kiiraqw zaidi hubakiwa na “Amina”. Tafsiri pekee haitoshi, kwani uzito wa mafumbo hayo hutokana pia na umri wa anayeyatamka. Nafasi iliyopo ni maombi ya waumini, yasiyofungwa na maandishi: humo mzee aweza kubariki kwa lugha yake, wajukuu wakajifunza kuitikia.