Daktari wa Karema

Mwanafunzi wa tiba aendaye ugenini kujitolea kwa muhula mmoja huhesabu wiki za kurejea nyumbani. Adrian Atiman hakuwa na pa kurejea. Alizaliwa karibu na Timbuktu, akatekwa utumwani angali mtoto, akakombolewa na wamisionari na kusomeshwa tiba Malta. Mwaka 1888 aliondoka pwani kwa njia ya misafara kupitia Tabora, ile ile iliyowateremsha watumwa kuelekea baharini. Yeye, aliyewahi kuuzwa, akaipanda akiwa na dawa. Mwaka 1889 aliwasili Karema, kando ya Ziwa Tanganyika. Ugeni ulimtoka kwa njia ya kawaida kabisa: alioa mwanamke wa Kibende, akajifunza dawa za wenyeji, akaendelea kutibu. Alifariki huko huko mwaka 1956.