Uzani wa Bondia na Nguvu ya Konde Lake

Ndondi ni miongoni mwa michezo michache inayokiri waziwazi, katika kanuni zake zenyewe, kwamba uzani wa mwili ni silaha, na ndiyo maana hakuna bondia anayeruhusiwa kupanda ulingoni katika shindano rasmi kabla hajapanda mizani. Katika Michezo ya Olimpiki ya Seoul mwaka 1988 wanaume waligawanywa katika madaraja 12, kuanzia wale wasiozidi kilo 48 hadi wale waliozidi kilo 91, na katika daraja la welta, ambalo kikomo chake kilikuwa kilo 67, Robert Wangila Napunyi wa Kenya alimwangusha Mfaransa Laurent Boudouani katika raundi ya pili ya fainali na kutwaa dhahabu, ambayo hadi leo ndiyo dhahabu ya pekee ambayo Kenya imewahi kushinda katika Olimpiki nje ya riadha. Boudouani hakuwa mnyonge, kwani baadaye alikuja kuwa bingwa wa dunia katika ndondi za kulipwa, na kwa kuwa wote wawili walikuwa wamepimwa kwa kikomo kimoja, nguvu iliyoamua pambano lile haiwezi kuelezwa kwa kilo peke yake.

Katika mitaa ya mashariki mwa Nairobi, inayojulikana kama Eastlands, kuanzia Kariokor na Ziwani hadi Kaloleni, na hadi Muthurwa ambako klabu ya Dallas imelea mabondia kwa vizazi kadhaa, suala la uzani na nguvu ya ngumi hupata majibu mawili yanayopingana. Wapo wanaoshikilia kwamba mtu mzito hupiga kwa uzito na kwamba huo ndio mwisho wa maneno, na wapo wanaoshikilia kwamba kasi ndiyo kila kitu. Kila upande una nusu ya ukweli, ila nusu hizo haziko mahali ambapo wenyewe wanazitafuta.

Elimu ya fizikia hutenganisha mambo mawili ambayo katika mazungumzo ya kawaida huchanganywa, yaani momenta na nishati mwendo. Momenta ni zao la tungamo la kitu, ambalo ndilo kiasi cha maada kilichomo ndani yake, na mwendokasi wake. Tungamo likiongezeka maradufu, momenta nayo huongezeka maradufu, na hali ni hiyohiyo kwa mwendokasi. Nishati mwendo, ambayo ni uwezo wa kitu kinachokwenda kufanya kazi au uharibifu, hufuata kanuni nyingine, kwa kuwa tungamo likiongezwa mara mbili nishati huongezeka mara mbili, lakini mwendokasi ukiongezwa mara mbili nishati huongezeka mara nne. Hesabu hii ndiyo wanayoitegemea watetezi wa kasi, nayo haina kosa. Tatizo lake ni kwamba mkono wa binadamu hauongezwi mwendokasi mara mbili kwa kutaka tu, na mabondia waliofuzu, wawe wepesi au wazito, hukaribiana mno katika kasi ya ngumi ya moja kwa moja, ambayo aghalabu huwa mita 9 hivi kwa sekunde.

Swali la msingi, basi, ni tungamo gani hasa linaloingia katika hesabu hiyo, kwa sababu bondia wa kilo 67 hampigi mpinzani wake kwa kilo zote 67. Mkono mzima, kuanzia bega hadi vidole, huchukua takriban asilimia 5 ya uzani wa mwili, hivyo mkono wa bondia wa kilo 48 huwa na kilo mbili na nusu hivi, na wa bondia wa kilo 91 huwa na kilo nne na nusu. Kama mkono ungetupwa peke yake, nguvu ingeishia hapo. Wataalamu wa mienendo ya mwili hutumia dhana ya tungamo tendaji, yaani kiasi cha maada ambacho, kikipewa mwendokasi wa ngumi, kingetoa momenta ileile aliyoipata aliyepigwa. Kiasi hiki hubadilika kutoka ngumi moja hadi nyingine ya mtu yuleyule, kwa kutegemea kama kiwiko na bega vilikazwa kwa wakati wake, na kama kiwiliwili kilikuwa nyuma ya mkono au kilikuwa kimeachwa mbali.

Vipimo vya maabara vinaonyesha jambo hili vizuri kuliko mabishano. Mwaka 1985 jarida la madaktari wa Uingereza, British Medical Journal, lilichapisha vipimo vya ngumi ya Frank Bruno, bondia Mwingereza wa uzani mzito, ambaye ngumi yake ilifika kwa mwendokasi wa mita 8.9 kwa sekunde na kutoa kani ya juu kabisa ya nyutoni 4,096. Nyutoni ni kipimo cha kani, na pakiti ya unga ya kilo moja ikiwekwa kiganjani hukikandamiza kwa takriban nyutoni 10, kwa hiyo ngumi ile, kwa muda mfupi usiofikia kupepesa jicho, ilikandamiza kama uzani wa kilo 400 hivi. Watafiti hao waliifananisha na nyundo yenye tungamo la kilo 6. Miaka 20 baadaye, yaani mwaka 2005, utafiti mwingine uliwapima mabondia saba wa kiwango cha Olimpiki kutoka madaraja mbalimbali, kuanzia uzani wa flai hadi uzani mzito kupindukia, na wastani wao ukawa kani ya nyutoni 3,427, mwendokasi wa mita 9.14 kwa sekunde na tungamo tendaji la kilo 2.9. Vyombo vya vipimo hivyo viwili havikuwa vya aina moja, na si haki kuvilinganisha gramu kwa gramu, lakini ndani ya utafiti wenyewe wa 2005 matokeo yalikuwa dhahiri: wazito walipiga kwa nguvu zaidi, na tofauti hiyo ilitokana hasa na tungamo tendaji kubwa zaidi, si na kasi.

Hapo upande wa kwanza unaweza kushangilia, lakini mapema mno. Mwaka 2000 watafiti waliwapima mabondia wa ridhaa nchini Uingereza kwa kuwapanga kufuata ujuzi, na ngumi ya mkono wa nyuma, ambao kwa wengi ni wa kulia, ilitoa wastani wa nyutoni 2,381 kwa wanaoanza, 3,722 kwa wa kati na 4,800 kwa waliobobea. Pengo kati ya anayeanza na aliyebobea, kwa maneno mengine, ni la maradufu. Ni vigumu kupata kilo za kununulia ongezeko kama hilo, na bondia anayejaza mwili kwa matumaini hayo hupata tumbo la kubeba raundi tatu.

Chanzo cha tofauti hiyo kiko mbali na ngumi. Uchunguzi wa wataalamu wa Kisovieti uliochapishwa mwaka 1985 ulikadiria kwamba kwa mabondia wa ngazi ya juu miguu huchangia karibu asilimia 38 ya nguvu ya ngumi ya moja kwa moja na mkono karibu asilimia 24 tu, ilhali kwa wa ngazi ya chini mkono huchangia karibu asilimia 38 na miguu karibu asilimia 17. Ngumi ya kulia iliyopigwa sawasawa huanzia kwenye kisigino cha nyuma, ambacho huinuka na kugeuka huku gumba la mguu likiisukuma sakafu. Goti hufuata, kisha nyonga huzunguka kabla ya bega, na bega huzunguka kabla ya kiwiko kunyooka, hivi kwamba kila kiungo kinapokaribia kusimama hukipokeza kinachofuata mwendo wake. Katika hatua ya mwisho, nukta tu kabla ya glavu kugusa, misuli yote ya mkono, bega na tumbo hukazwa kwa pamoja, na kwa kukazwa huko mkono huacha kuwa mnyororo wa vipande vilivyolegea ukawa kama kitu kimoja kilichounganishwa na kiwiliwili. Anayeanza hukosea mara mbili, kwani hukaza mapema, jambo linalomwibia kasi njiani, kisha hulegea wakati wa kugusa, jambo linalomwibia tungamo. Kwa hiyo uzani ni akiba ambayo mabondia wengi hawajawahi kuitumia hata nusu.

Kuna sababu nyingine inayofanya nguvu isipande sambamba na kilo. Nguvu ya msuli hutegemea eneo la mkato wake, ilhali uzani hutegemea ujazo wa mwili mzima, na mwili unapokua ujazo huongezeka haraka kuliko mkato. Katika Olimpiki ileile ya Seoul, Naim Süleymanoğlu wa Uturuki, aliyekuwa katika daraja la kilo 60 la kunyanyua vitu vizito, aliinua kilo 190 juu ya kichwa, yaani zaidi ya mara tatu ya mwili wake. Lasha Talakhadze wa Georgia, mwenye zaidi ya kilo 170, aliinua kilo 267 mwaka 2021, ambazo hazifiki mara mbili ya mwili wake. Talakhadze ana nguvu zaidi, hilo halina mjadala, lakini kila kilo yake humletea faida ndogo zaidi. Ndivyo ilivyo kwa konde, na ndivyo Stephen Muchoki wa Kenya alivyoweza kuwa bingwa wa dunia wa ridhaa huko Belgrade mwaka 1978 katika daraja la kilo 48, jepesi kuliko yote, akiwa na nguvu iliyowatosha kabisa watu wa kimo chake.

Ulinganisho na besiboli, mchezo wa kupiga mpira kwa gongo, husaidia kuonyesha ndondi ina upekee gani. Gongo na mpira hugusana kwa takriban sehemu moja tu ya elfu ya sekunde, muda mfupi kiasi kwamba mtikisiko hauwahi kufika mikononi na kurudi kabla mpira haujaondoka, kwa hiyo kinachougonga mpira ni gongo peke yake, na mwili wa mchezaji umekwisha kufanya kazi yake ya kulipa gongo kasi. Ndiyo maana Aaron Judge, mwenye kilo 128 hivi, anaweza kucheza ligi moja na José Altuve, mwenye kimo cha sentimita 168 tu, ambaye mwaka 2021 alipiga mipira 31 ikavuka uwanja. Glavu ya ndondi hukaa mwilini mwa mpinzani kwa muda mrefu zaidi, na mkono uliomo ndani yake umeshikamana na kiwiliwili, hivyo mwili huendelea kusukuma wakati wa mgongano wenyewe.

Uzani pia una kazi upande wa anayepigwa. Kichwa cha mtu mzima huwa na kilo 5 hivi, na hakitofautiani sana kati ya bondia mwepesi na mzito, ilhali ngumi zao hutofautiana sana. Shingo nene husaidia kukizuia kichwa kisizunguke ghafla, lakini haiwezi kufuta tofauti yote. Kwa sababu hiyo nokauti huwa za kawaida zaidi katika madaraja mazito. Wangila mwenyewe alifariki mwaka 1994 akiwa na umri wa miaka 26, kutokana na majeraha ya ubongo aliyoyapata katika pambano huko Las Vegas.

Pamoja na hayo yote, uzani unaozungumzwa zaidi na mabondia ni ule wa kupunguza. Soko la Kariokor, ambalo limekuwa mashuhuri kwa nyama choma inayopimwa kwa kilo, kukatwakatwa juu ya ubao na kuletwa na ugali na kachumbari, huwa mtihani kwa kijana anayengoja kupimwa, na ni heri mizani ya muuza nyama ambayo sindano yake hujulikana kuwa na huruma, kwa kuwa mizani ya ndondi haimsamehe aliyezidi gramu 100. Anayekaribia siku hiyo akiwa amezidi huvaa koti la plastiki na kuruka kamba, huacha kunywa maji na wengine hutema mate ndani ya chupa. Kilo inayopotea kwa njia hiyo ni lita moja ya maji, si mafuta, na maji hayo hutoka pia katika damu, hivyo moyo hulazimika kupiga haraka zaidi kwa kazi ileile. Ngumi ya kwanza huenda isionyeshe tofauti yoyote. Ni ile ya raundi ya tatu inayofika ikiwa imetolewa na mkono mtupu, kwa sababu miguu imechoka na haisukumi tena sakafu. Bondia wa kulipwa, ambaye kwa kawaida hupimwa siku moja kabla ya pambano, hupata muda wa kunywa na kula. Wa ridhaa hupimwa asubuhi ya siku anayopigana, na akishinda hurudi mizanini kabla ya pambano linalofuata.

Shinikizo hilo limeongezeka kadiri madaraja yalivyopungua. Katika Olimpiki ya Paris mwaka 2024 wanaume walibaki na madaraja saba tu, ya kilo 51, 57, 63.5, 71, 80 na 92, pamoja na la waliozidi kilo 92. Daraja la kilo 48 alilotawala Muchoki halikuwapo tena, na daraja la kilo 75, ambalo Chris Sande alishindia shaba huko Seoul wakati Wangila alipokuwa akishinda dhahabu, lilikuwa limemezwa na pengo la kilo tisa. Kijana wa Eastlands mwenye umbo la Sande angelazimika ama kupoteza kilo nne za mwili usio na mafuta ya kupoteza, ama kupanda ulingoni na mtu anayemzidi kwa kilo tano. Na iwapo miguu yake imefunzwa kusukuma sakafu, hatari iliyo ndogo zaidi ni hiyo ya pili.