Jengo laweza kusimama, mitambo ikaanguka

WENGI wetu tetemeko la ardhi likitajwa huwaza kuta na paa. Watu wa Sylmar, California, walijifunza mengine. Hospitali yao ya Olive View iliharibika vibaya katika tetemeko la mwaka 1971, ikajengwa upya kwa uimara mkubwa. Tetemeko la Northridge lilipopiga Januari 17, 1994, jengo halikuanguka, lakini mabomba ya maji yalipasuka na wagonjwa wakahamishwa.

Kwa sisi wachumi hiyo ni hasara: mtaji umesalimika, kazi imesimama. Mwenye kiwanda cha maziwa Kagera, mkoa uliotikiswa Septemba 10, 2016, alipigie hesabu hilo kabla ya kujenga. Maziwa hayangoji umeme urudi.

Gharama hupanda pale kila fundi anapofunga vyake, wa umeme peke yake na wa maji peke yake, tena baada ya dari kuzibwa. Wakikaa na mhandisi wakati wa michoro, mabomba na nyaya vinaweza kubebwa na fremu moja yenye vyuma vichache vya mshazari. Bomba lililo karibu na zege la juu huyumba kidogo; kanuni za Marekani husamehe baadhi ya yale yanayoning'inia kwa vyuma visivyozidi inchi 12.

Kwenye jenereta usibane fedha. Iliyokalishwa juu ya springi ndiyo hurukaruka zaidi, hivyo iwekewe vizuizi pembeni, na bolti zishike zege, si plasta. Betri ya kuiwashia nayo ifungwe. Ikidondoka, jenereta haiwaki.